"Nyama ya homoni": deksa inafanya nini hasa ndani ya mwili wa ndama

Wiki moja kabla ya Idi nilikuwa nimepanga foleni kwenye bucha moja Ngamiani, hapa Tanga mjini. Mbele yangu mama mmoja wa makamo, kapu mkononi, anaitazama nyama ilivyoning'inia inang'aa, kisha akasema mie hiyo siitaki, ng'ombe wa siku hizi wanachomwa homoni. Muuzaji ni mzee, sote tunamwita Ami. Akaweka kisu chini akamuuliza, "Bi mkubwa, homoni gani? Nitajie jina." Kimya. Nyuma kukatoka sauti, ni zile wanazopewa broila. Kijana wa bodaboda akadakia, hapana, ni steroidi, kama za wale wanaotunisha misuli jim. Dada mwingine akacheka, nyie hamjui, ni deksa hiyo, ile ile wanayokunywa watu wapate mashavu.

Yaani ndani ya dakika mbili watu wametaja vitu vitatu tofauti kabisa na wote wanadhani wanazungumzia kitu kimoja. Mie nafuga kidogo huku Pongwe, si daktari wa mifugo, ila hili jambo limewahi kunila hela na nimelifuatilia, kwa hiyo nilifungue taratibu.

Broila tumtoe kwanza maana huyo anasingiziwa. Yule kuku anakua haraka kwa sababu ya mbegu yake, amechaguliwa kizazi baada ya kizazi tangu enzi za babu zetu, pamoja na chakula chake. Kumchoma sindano ya homoni kuku mmoja mmoja kwenye banda la kuku elfu tano nani ana muda huo.

Haya, tuje kwenye neno lenyewe. Steroidi ni jina la ukoo, si jina la mtu. Ukisema "steroidi" ni kama umesema "wale watu wa Handeni", wako wengi na kila mmoja ana tabia yake. Kwenye ukoo huo kuna homoni za kiume kama testosteroni na ndugu zake wa maabara, hao ndio wanaojenga misuli, hao ndio wa jim. Kuna za kike kama estrojeni. Halafu kuna tawi jingine linaitwa kortikosteroidi, humo ndimo ilimo deksamethazoni, kwa kifupi deksa, na prednizoloni, na betamethazoni iliyomo kwenye krimu nyingi ambazo watu wanazichanganyia mkorogo. Hili tawi halijengi misuli. Ukilitumia kwa dozi kubwa muda mrefu linaibomoa. Kwa hiyo kijana wa bodaboda kapatia ukoo akakosea mtu.

Sasa kortikosteroidi zinaiga nini? Zinaiga kotisoli, homoni ambayo wewe na mie na ndama na mbuzi wote tunaitengeneza wenyewe. Juu ya kila figo kuna kitezi kidogo kimekaa kama kofia, na ganda la nje la kitezi hicho ndilo kiwanda. Kotisoli ni homoni ya shida. Ndama akitenganishwa na mama yake, akipakiwa kwenye Fuso, akiugua, kotisoli inapanda, sukari inaongezeka kwenye damu apate nguvu ya kuhimili, na kinga inapunguzwa makali ili uvimbe usimuue. Bila kotisoli kabisa mnyama hafiki mbali, hata safari ya kawaida inaweza kumwangusha.

Ila kiwanda hakijiendeshi chenyewe. Kinaamrishwa na tezi iliyo chini ya ubongo, na hiyo nayo inaamrishwa na sehemu ya ubongo iliyo juu yake. Hapa ndo penye siri yote, na mfano wake unao juu ya paa lako. Angalia tangi la maji lenye boya. Maji yakipungua boya linashuka, bomba linafunguka. Maji yakijaa boya linapanda, bomba linajifunga. Ubongo unafanya hivyo hivyo, unapima kotisoli iliyomo kwenye damu, ikipungua unaagiza itengenezwe, ikizidi unanyamaza.

Sasa wewe chukua ndoo kila siku asubuhi panda juu ya paa ukamwage maji kwenye lile tangi. Boya liko juu muda wote, bomba limefungwa muda wote. Wiki ya kwanza hakuna shida. Mwezi ukipita bomba linaanza kushika kutu kwa kukaa bila kazi. Siku ukiamua kuacha kumwaga ndoo, boya linashuka vizuri tu, lakini bomba halitoi kitu au linatoa matone. Ndoo ni deksa, boya ni ubongo, bomba ni kile kitezi cha juu ya figo. Na deksa si ndoo ndogo, miligramu kwa miligramu ina nguvu takriban mara 25 hadi 30 ya kotisoli ya asili, na dozi moja inabaki inafanya kazi mwilini siku moja na nusu mpaka mbili. Ndo maana kiasi kidogo sana kinatosha kulishikilia boya juu.

Kwa ndama anayepewa kidogo kidogo kila siku, kotisoli yake mwenyewe inashuka mpaka karibu na sifuri, na ganda la kitezi linakuwa jembamba. Hilo ni la kwanza ila haliishii hapo, homoni ni kama ngoma za ndoa, mmoja akibadilisha mdundo wote wanayumba. Sukari ya damu inapanda, kongosho linamwaga insulini zaidi, mwili unaanza kuizoea na kutoisikia. Homoni za shingoni, zile za tezi ya thairoidi zinazoendesha kasi ya mwili, zinapungua. Ndama dume testosteroni yake inashuka kwa sababu ubongo unapunguza amri ya kwenda kwenye korodani. Jamani tazama kichekesho hicho, watu wanasema ng'ombe kachomwa homoni za misuli kumbe dawa yenyewe inampunguzia ile homoni ya misuli aliyokuwa nayo.

Kuna na kiungo kimoja wengi hawakijui, thaimasi. Ndama ana thaimasi kubwa, inaanzia shingoni pembeni ya koromeo inashuka mpaka kifuani, rangi ya pinki iliyopauka, imegawanyika vipande vipande. Hiyo ndiyo shule ya askari wa kinga. Kortikosteroidi inaikausha, vipande vinasinyaa na mafuta yanajaa pale palipokuwa na nyama yake. Italia, ambako kuna watu wamekuwa wakikamatwa na tabia hii ya kuwapa ndama deksa kwa siri, wakaguzi wanachukua kipande cha thaimasi machinjioni wanakiangalia kwenye hadubini, maana dawa inaweza kuwa imeshatoka kwenye mkojo lakini thaimasi inabaki imeandika habari yote.

Utauliza sasa, kama inabomoa misuli, inakausha kinga, inazima testosteroni, kuna faida gani ya kumpa ndama wa nyama?

Faida ni ya mizani. Kwa dozi ndogo, chini ya miligramu moja kwa siku kwa ndama mzima, mambo matatu yanatokea. Anakula zaidi, hamu ya chakula inafunguka. Mwili unashika maji zaidi. Na mafuta yanaongezeka. Ukimpandisha kwenye mizani kilo zimepanda, ukimtazama ana umbo la kujaa, mkia mnene, manyoya yamelala. Protini anayoihifadhi mwilini, ile ambayo ndiyo nyama yenyewe, haiongezeki bali inapungua. Kwa lugha ya bucha, umeuziwa maji na mafuta kwa bei ya steki. Ulaya walafi hawaitumii peke yake, huwa wanaichanganya na dawa nyingine za kukuza ili zisaidiane na kila moja iwe kidogo sana isionekane kwenye vipimo.

Huko Ulaya wana historia na hili. Mwaka 1980 Italia kulizuka balaa, chakula cha watoto cha kopo chenye nyama ya ndama kilikutwa na homoni ya kike ya kutengeneza, watu wakagoma kununua nyama ya ndama, na mwaka 1981 ikatoka sheria ya kwanza ya jumuiya yao kuzuia homoni za kukuzia mifugo. Angalia lakini, ile ilikuwa ya kuiga estrojeni, si kortikosteroidi. Deksa kwao inaruhusiwa kutibu ng'ombe mgonjwa, hairuhusiwi kunenepesha. Marekani wana msimamo wao, ng'ombe wa nyama wanaruhusiwa kuwekewa vipandikizi vya homoni nyuma ya sikio, ila hizo ni za jinsia, bado si deksa. Kwa hiyo ukiona kichwa cha habari "nyama ya homoni" jiulize swali la Ami, homoni gani, nitajie jina.

Sasa niwaambie iliyonikuta, ila niseme kabisa kwamba hakuna maabara iliyopima, kwa hiyo simshtaki mtu.

Nilinunua ndama dume kwa mtu wa huko bara, wa umri wa miezi minane hivi, nikiwa na hesabu ya kumlisha pumba, mashudu na molasesi miezi minne nimuuze. Alikuwa mzuri wallahi, kajaa, uso mviringo. Nilichokiona cha ajabu ni kunywa maji, ndoo ya lita ishirini anaimaliza halafu anakojoa kama bomba limepasuka. Nikasema ni safari, joto la Tanga huyu hajalizoea. Siku ya tatu akaanza kususa chakula. Siku ya tano yuko kama puto lililotobolewa, mbavu nazihesabu, ile minofu niliyoilipia sijui imekwenda wapi. Halafu kikohozi, homa, sindano za antibaotiki mbili tatu, siku ya kumi na moja kafa.

Afisa mifugo wetu alimpasua pale pale chini ya mwembe. Mapafu yalikuwa yameharibika, hilo nililitegemea. Kisha akaingiza mkono karibu na figo akatoa kitu kidogo, akakilaza kwenye jani la mgomba akakikata katikati kwa kiwembe. "Unaona hili ganda la nje? Lilitakiwa liwe nene kuliko hivi." Akapanda shingoni, akafunua ngozi pembeni ya koromeo, akapekua pekua na ncha ya kisu. Mafuta. Akaniambia ndama wa umri huu hapa ningekuta thaimasi ya kujaa kiganja, nimekuta nyuzi. Nikamuuliza basi alipewa deksa? Akatikisa kichwa, akasema bwana, njaa na ugonjwa wa muda mrefu navyo vinaikausha thaimasi, siwezi kukuandikia karatasi. "Ila ukiniuliza kama jirani," akasema, halafu hakumalizia.

Ukirudi kwenye tangi utaelewa hadithi yake ingeweza kuwaje. Ndoo ilimwagwa mpaka siku ya kuuza. Alipofika kwangu ndoo ikakoma, maji ya mwili yakatoka, hamu ya chakula ikafa, na ule msukosuko wa safari ulihitaji kotisoli nyingi wakati bomba limeshika kutu. Kinga nayo ilikuwa chini muda wote, vijidudu vya mapafu vilikuta mlango wazi. Kwa hapa kwetu penye kupe kila kona hili ni baya mara mbili, maana mnyama aliyepona ndigana baridi, ugonjwa unaoletwa na kupe, anabaki na vimelea vimejificha kwenye damu, kinga ikishushwa wanaweza kuamka. Na ukimchanja ndama akiwa kwenye hali hiyo chanjo inaweza isishike vizuri, unadhani umemkinga kumbe umechoma hewa.

Tafadhali msitoke hapa mkaanza kumkimbiza daktari wa mifugo akishika kichupa cha deksa. Hapo ndo upotoshaji mwingine unapoanzia. Sindano moja au mbili kwa ng'ombe aliyevimba viungo, aliyepatwa na mzio mkali, au ng'ombe wa maziwa mwenye ketosi, yaani aliyeishiwa sukari mwilini baada ya kuzaa, hiyo ni tiba halali na inaokoa. Kwa siku chache kitezi kinazimika kidogo kisha kinarudi kazini. Tatizo ni ndoo ya kila siku, mwezi mzima, kwa mnyama asiyeumwa. Ila kuna onyo moja wafugaji wengi wanalilipia kwa machozi, usimchome deksa ng'ombe mwenye mimba kubwa kwa kubahatisha. Ndama aliye tumboni ndiye anayetoa ishara ya kuzaliwa, na ishara yenyewe ni kotisoli yake. Ukichoma deksa umeigiza ishara hiyo, mama anazaa kabla ya siku. Madaktari wanaitumia makusudi kuanzisha uzazi, wewe ukiitumia kwa kutibu mguu unapoteza ndama.

Na kila dawa ina muda wake wa kusubiri umeandikwa kwenye kichupa, siku kadhaa za kutochinja na kutouza maziwa. Usome ulioandikwa pale, usiulize jirani, maana dawa moja kwa majina tofauti ina siku tofauti.

Turudi kwa yule mama wa kapu, hofu yake si ya kudharau. Viwango vya kimataifa vya chakula, vile vya Codex, vinaruhusu masalia ya deksa yasiyozidi mikrogramu 1 kwenye kilo ya nyama ya ng'ombe na 2 kwenye kilo ya maini. Maini yamepewa zaidi kwa sababu ndiko dawa inakopitia kuvunjwa. Mikrogramu 1 ni ndogo kiasi gani? Chukua kidonge kimoja cha deksa cha binadamu, kile kidogo cha nusu miligramu. Hicho kina mikrogramu 500. Ukikisambaza sawasawa, kidonge kimoja kinatosha kuifikisha kwenye kikomo nyama ya kilo mia tano, yaani zaidi ya minofu ya ng'ombe mzima wa kwetu.

Sasa igeuze hesabu. Ukila robo kilo ya nyama iliyofika kikomo, umekula robo ya mikrogramu. Kidonge kimoja ni mara elfu mbili ya hiyo.

Siku ile bucha nilikuwa na mpwa wangu, mtoto wa dada, ana miaka ishirini na mbili. Njiani kurudi ananiambia mjomba mie nyama ya dukani naiogopa, heri dagaa. Nikamwambia sawa, na vile vidonge vya mashavu ulivyonavyo kwenye pochi je? Akanyamaza. Alikuwa anameza viwili kila siku tangu kabla ya Ramadhani, kauziwa na shoga yake bila pakiti, vimefungwa kwenye karatasi. Yeye, na wengi sana mjini hapa, ndiye yule ndama. Hamu ya kula imefunguka, uso umekuwa mviringo, kilo zimepanda, ila mikono na miguu imekonda kama hujagundua, na mafua hayamwishi. Deksa ni dawa ya kuandikiwa na daktari, haikutengenezwa kwa ajili ya mashavu. Mwaka 1948 daktari Philip Hench wa Mayo Clinic kule Marekani alimchoma kotizoni, dawa ya tawi moja na deksa, mgonjwa wa baridi yabisi aliyekuwa hawezi kutembea na baada ya siku chache akatembea, dunia ikashangaa, mwaka 1950 Hench na wenzake wawili wakapewa Nobel. Wagonjwa walipoendelea kuitumia ndipo zikaonekana nyuso za mviringo, sukari, mifupa kulegea. Yale mashavu tunayoyanunua leo yaliingia kwenye vitabu kama madhara.

Nikamweleza habari ya tangi na boya, nikamweleza na habari ya ndama wangu. Akasema basi naacha leo leo, navitupa hapa hapa kwenye mtaro. Nikamshika mkono. Kuacha ghafla ndiko kulikommaliza yule ndama, kama kweli ndicho kilichommaliza. Aliyemeza wiki nyingi hatakiwi kukata siku moja, dozi inapunguzwa pole pole na daktari akimwangalia ili kitezi kiamke, na kama akianza kutapika, kizunguzungu, kuishiwa nguvu, hiyo ni ya kukimbilia hospitali usiku huo huo.

Kesho yake asubuhi nilimsindikiza. Daktari alimtaka aje na vidonge vyenyewe, akavimwaga mezani, akavigeuza kwa kalamu kimoja kimoja kutafuta alama, maana vilikuwa vya rangi mbili na mwenye kuvimeza hakuwahi kuona kwamba ni vya rangi mbili.